Nilidanganya Kwamba Dawa Zimekwisha

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, mjane, mkulima wa viazi huku Kichiwa, mkoani Njombe. Naishi na virusi vya UKIMWI tangu marehemu mume wangu akiwa hai, na hilo sioni haya kulisema. Ninachokionea haya ni hiki ninachowaandikia leo... Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu. Au nihukumuni tu, nimestahili!

Wenye hali kama yangu tulikuwa na kikundi chetu cha kina mama wachache. Nauli ya Makambako ilitushinda, kwa hiyo tulipeana zamu. Mmoja anakwenda kliniki, anachukua dawa za wote, anazirudisha ndani ya kikapu chini ya dagaa na nyanya, na majirani hawajui kitu.

Mmoja wetu alikuwa Yustina, binti wa jirani yangu. Alikuwa mdogo kwangu kwa mbali, akiniita dada. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na muuguzi alimwambia kwamba akimeza dawa bila kuruka, mtoto ana kila nafasi ya kuzaliwa salama. Binti wa watu alikuwa hakosi hata siku moja.

Ndipo ikaja korona. Habari za kutisha zikawa nyingi kuliko watu wenyewe! Tulisikia kwamba Makambako, kwa yale malori yanayopita kutoka kila upande, ugonjwa umejaa. Bodaboda nao wakapandisha nauli. Na zamu ya kufuata dawa ikawa yangu.

Je, niliogopa korona? Niliogopa, ndiyo. Lakini ngoja niseme ukweli ambao nimeuficha miaka yote hii... Asubuhi ile nilikwishavaa, kikapu kiko mkononi, nikasikia lori la mnunuzi wa viazi linapanda kuja kwetu. Huku kwetu mwenye shamba asipokuwepo, wapakiaji watamfungia lumbesa mpaka gunia liwe na kichwa cha pili. Nikavua kitenge kizuri, nikaenda shambani kusimamia viazi vyangu.

Nilijiambia nitakwenda kesho. Jioni Yustina akaja kufuata dawa zake. Kwa nini sikumwambia tu kwamba sikwenda? Sijui... Niliona aibu mbele ya binti mdogo. Nikamwambia dawa zimekwisha, zimekwama huko zinakotoka kwa sababu ya korona.

Aliamini mara moja. Siku zile nani angebisha? Kila kilichokosekana kilisingiziwa korona.

Kesho ikapita, na keshokutwa. Mvua ikanyesha, barabara ikawa tope, nami nikazidi kuahirisha. Wenzetu walikuwa na akiba kidogo nyumbani. Yustina alikuwa mgeni kwenye dawa, hakuwa na akiba yoyote, na mimi nililijua hilo.

Akaja tena, akasema atauza kuku wake apate nauli aende mwenyewe akaulize. Hapo ndipo shetani alipokaa kabisa kwenye ulimi wangu! Akienda si ataambiwa dawa zipo? Nikamkataza. Nikamwambia wamesema watu wa hali yetu wasisogee kliniki, korona inatumaliza sisi kwanza, tena yeye na tumbo lile. Akanishukuru kwa kumjali. Alinishukuru, jamani!

Nilipokwenda hatimaye, wiki kadhaa zikiwa zimepita, muuguzi aliuliza tulipotelea wapi. Dawa zetu alikuwa ameshazifungasha, zinatungoja tu. Nilimpelekea Yustina zake nikamwambia zimefika. Alizimeza siku hiyohiyo, lakini mimba ilikuwa imekwishakomaa. Hazikupita wiki nyingi akajifungua mtoto wa kiume.

Mtoto alipopimwa, alikutwa na virusi.

Muuguzi akamuuliza Yustina kama aliwahi kukosa dawa. Akajibu kwamba zilikuwa hazipo. Muuguzi akashangaa, akasema dawa hazikukosekana hapo hata siku moja.

Alitoka Makambako akaja moja kwa moja kwangu, mtoto mgongoni. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Dada, siku ile ulifika kliniki au hukufika?"

"Sikufika."

"Uliumwa?"

"Niliuza viazi, Yustina."

Akakaza kanga iliyomshika mtoto mgongoni. Nilitamani anipige makofi, apige kelele mtaa mzima usikie.

"Nilikuwa na kuku wanne," akasema. "Ningefika."

Akaondoka. Hajanitangaza kwa mtu hadi leo, ila hajaingia kwangu tena. Mtoto anakua vizuri, anakimbia na wenzake, na kila siku mama yake anampa dawa ambazo hakupaswa kuzihitaji. Kwenye zamu nilijitoa mwenyewe. Kanisani nimeungama, padri akaniambia Mungu amenisamehe. Mbona mimi sipati usingizi?

Wasomaji wenzangu, ukikabidhiwa dawa ya mtu, nenda. Ukishindwa, sema jioni hiyohiyo! Aibu ile ingeisha kwa siku mbili tatu. Ningesema, "Sikwenda, viazi vilinishika," Yustina angenitukana, angeuza kuku wake, na kesho yake angekuwa Makambako... na mtoto wake huenda angekuwa mzima.