Gazeti la Adeline na Daraja la Miti

Kila Ijumaa, shule ikiisha, Adeline alipita kwenye kituo cha malori cha Bunia kuwauliza madereva habari za barabara. Kisha alirudi nyumbani, akapanga karatasi na kaboni katikati, akaandika kwa biki huku akikandamiza sana ili maneno yafike mpaka karatasi ya chini. Hilo ndilo lilikuwa gazeti lake, *Habari za Njia*. Jumamosi asubuhi alibandika nakala moja kwenye ukuta wa mkahawa wa Mama Félicité, nyingine akawagawia madereva.

Mwanzoni walimcheka. "Mutoto wa shule atatuonyesha njia siye?" Lakini habari zake zilikuwa za kweli, juma baada ya juma, na sasa hata wasafiri waliuliza kwanza Adeline ameandika nini. Alivyojisikia mkubwa, jamani!

Ijumaa moja mvua ilinyesha kutwa. Kituoni hapakuwa na mtu ila Gérard, fundi wa matairi.

"Lile daraja la miti kule mbele ya Komanda wamekwisha kulitengeneza," Gérard alisema. "Nimesikia hivyo."

Adeline alijua kwamba Gérard haendi nje ya Bunia hata siku moja. Alijua pia kwamba ilimpasa kutafuta dereva aliyepita pale. Lakini alikuwa amelowa, tena aliogopa kwamba gazeti lisipotoka watu watalisahau. Akaandika: "Daraja limetengenezwa. Piteni bila wasiwasi."

Kesho yake alikuwa bado mkahawani wakati dereva Mathieu alipoingia, matope hadi magotini. Alisoma ukutani, akapiga kelele.

"Nani ameandika hii? Daraja gani? Jana nimeliona kwa macho yangu, miti imeoza yote! Nimegeuza, mazout ikaisha kwenye tangi, nikaacha gari njiani, nikapanda baiskeli ya mutu."

Mama Félicité alishika kichwa. "Yesu wangu! Paluku amesoma hii sasa hivi, akapakia watu kwenye lori lake, akaenda!"

Paluku alikuwa baba yake Adeline.

Mama Félicité alikimbia kutafuta mtu mwenye pikipiki, lakini Adeline hakungoja. Malori yote yalisimama kwenye kizuizi cha askari mwisho wa mji. Akifika kabla kizuizi hakijafunguliwa, angempata baba yake. Alikimbia akianguka na kuinuka, machozi na kamasi usoni, akimwona akilini baba yake akizama mtoni pamoja na abiria wote.

Lori lilikuwa bado pale, injini inanguruma. Askari alikuwa ameanza kuinua mti wa kizuizi.

"Weye! Simama!" Askari alimshika mkono. "Unakimbia nini?"

Adeline aliwaogopa askari kuliko kitu chochote. Alijua kwamba hakuna aliyempa ruhusa ya kutoa gazeti. Angeweza kusema Mathieu ndiye aliyemtuma. Lakini alimgeukia baba yake kwenye usukani, akapaza sauti.

"Papa, usiende! Daraja ni bovu! Ni mimi nimeandika, na sikujua!"

Paluku alizima injini, akashuka. Juu ya magunia ya maharagwe mama mmoja alimkumbatia mtoto wake mchanga.

"Mimi nilikuwa naogopa kusafiri," alisema polepole. "Wakanisomea karatasi yako, ndiyo nikapanda."

Adeline hakuweza kumtazama. Askari alimtazama Adeline, akamtazama mtoto mchanga, akaushusha mti. "Geuzeni gari," alisema tu.

Siku ile ile Adeline alibandika karatasi mpya: "Habari ya daraja ilikuwa ya uongo. Nilisikia tu, sikuuliza aliyeona. Mnisamehe. Adeline." Aliwaambia baba yake na madereva wengine kwamba hataandika tena, kwa kuwa hakuna atakayemsoma.

"Utaandika," Paluku alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Ukiwa hujui, andika kwamba hujui, siye madereva tutangoja. Asubuhi nimeona mwandiko wako, mutoto wangu, na sikumuuliza mtu mwingine. Ningekufa leo nikiwa ninakuamini."