Siku Tisini na Nane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilipita kwenye mgahawa wa chipsi ambako mama yangu alikuwa mkaangaji. Mgahawa ulikuwa kando ya barabara ya mpakani Tunduma, pale malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapopanga foleni. Nilimpelekea aproni safi, naye akanirudishia ile ya jana iliyojaa mafuta.

Madereva walimfahamu vizuri. "Mama Rozi, zile kavu!" waliagiza kutoka juu ya malori, naye alijua nani anapenda chipsi kavu na nani anataka mayai mawili.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa machimboni Saza, na fedha zake zilikuja mwezi huu zikapotea miezi mitatu. Nyumba yetu ilisimama kwa mshahara wa mama, na mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Bwana Sadoki, mwenye mgahawa, alikuwa amemwambia waziwazi, "Siku ukienda kujifungua, nitaweka mtu mwingine. Jiko haliwezi kulala." Mama hakubishana. Alisema kazi za chipsi ndivyo zilivyo.

Juma moja mwalimu wetu, Mwalimu Ambakisye, alitupa kazi. Kila mwanafunzi achague kazi moja, amhoji mtu anayeifanya Tunduma na mwingine anayeifanya ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kisha ajaze jedwali: mshahara, kodi, makato mengine, matibabu, likizo. Mimi nilichagua ukaangaji wa chipsi.

"Jedwali lako litatoka mafuta," alisema Dennis, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye kampuni ya forodha. "Chipsi nazo zina likizo?" Darasa zima lilicheka.

Jumamosi mama na mimi tulivuka kwenda Nakonde, kwa mdogo wake, mama mdogo Grace. Yeye alikaanga kuku na chipsi kwenye mgahawa mkubwa wenye viti vyekundu. Alipotuona alipiga makofi. "Mwaiseni! Karibuni! Dada, tumbo limeshatangulia mlangoni!"

Tulisubiri amalize zamu, kisha akanionyesha karatasi yake ya mshahara. Juu iliandikwa kwacha elfu mbili na mia nne. Chini, baada ya makato, zilibaki kwacha elfu mbili mia mbili hamsini na sita. Siku hiyo kwacha moja ilikuwa kama shilingi mia, hivyo nilizidisha haraka kichwani.

"Mama anakuzidi!" nilisema. "Yeye anapokea laki mbili na thelathini. Wewe haifiki hata laki mbili na ishirini na sita."

Mama alicheka kwa furaha. "Si nilikwambia, Grace? Ninyi mnakatwa kodi mpaka mnaisha. Mimi sikatwi hata senti. Nakula yote."

"Kodi ipi, dada?" Mama mdogo aliweka kidole kwenye karatasi. "Rozi, soma hapa."

Nilisoma. Kwenye mstari wa kodi palikuwa na sifuri.

"Mshahara wangu ni mdogo, haujafika kiwango cha kutozwa kodi," alisema. "Hizi mia na ishirini ni akiba yangu ya uzeeni, na mwajiri anaongeza mia na ishirini nyingine. Hizi ishirini na nne ni za matibabu. Na nilipomzaa Anania nilikaa nyumbani siku tisini na nane. Mshahara ulikuja kila mwezi."

Mama aliacha kucheka. Alishika tumbo lake, akatazama nje. "Hiyo ni Zambia," alisema taratibu.

Jumapili jioni niliketi na jedwali. Upande wa mama mdogo ulijaa vizuri. Upande wa mama, baada ya mshahara na sifuri ya kodi, kila mstari ulitaka neno moja: hakuna. Akiba, hakuna. Matibabu, hakuna. Nilipofika kwenye likizo ya uzazi, nilisikia kicheko cha Dennis masikioni mwangu. Nikaandika: "Ipo. Siku tisini na nane, kwa malipo." Kisha nikarudi juu, nikafuta zile "hakuna" nyingine na kuandika "ipo" kila mahali.

Jumatatu Mwalimu Ambakisye aliinua daftari langu mbele ya darasa.

"Sikilizeni," alisema. "Sheria ya Tanzania inampa mama aliyejifungua siku themanini na nne za likizo yenye malipo. Mwajiri wa mama yake Rozi anatoa tisini na nane! Anaizidi sheria kwa siku kumi na nne. Mtu wa namna hii tumwalike aje azungumze nanyi. Rozi, anaitwa nani?"

Nilisimama. Niliwaza jina la Bwana Sadoki likipigiwa makofi. Halafu neno moja likanishika: sheria ya Tanzania. Kumbe na kwetu ipo! Nilitaka kuuliza kama inamhusu mama, lakini nisingeweza kuuliza bila kusema ukweli kwanza. Na mtoto alibakiza miezi minne tu.

"Mwalimu, nimedanganya," nilisema. "Mama hana likizo. Hana chochote. Ameambiwa akijifungua, kazi imekwisha. Hiyo sheria ni ya watu wote, au ya wenye mkataba wa karatasi tu?"

Dennis alifungua mdomo. Mwalimu akamtazama, naye akaufunga.

"Njoo mbele," alisema Mwalimu. Nilidhani nitaadhibiwa. Aliketi, akanisogezea kalamu. "Kwanza futa uongo, andika yaliyopo. Mama amefanya kazi pale muda gani?"

"Miaka miwili."

"Basi inamhusu. Kukosa karatasi ni kosa la mwajiri, maana ndiye anayetakiwa kumwandikia. Lakini mama ampe taarifa kwa barua miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha kliniki. Mna mwezi mmoja tu. Msiuchezee."

Nilimweleza mama yote, hata uongo wangu. Hakunigombeza. Kesho yake alikwenda kliniki akachukua cheti. Jumatano tuliandika barua nakala mbili. Alhamisi asubuhi nilipopeleka aproni, mama alikuwa amesimama mbele ya Bwana Sadoki.

"Nini hii, Mama Rozi? Unanishtaki?"

"Sikushtaki, bosi. Nakuletea taarifa. Naomba utie sahihi kwenye nakala yangu kwamba umeipokea."

"Na nikikataa?"

"Nitapanda gari la Vwawa kwa afisa kazi wa mkoa. Nauli ninayo hapa." Alipiga mfuko wa aproni. Hakupandisha sauti.

"Nani amekufundisha mambo haya?"

"Mtoto wangu amekosea hesabu shuleni."

Bwana Sadoki aliisoma barua mara mbili. "Siku themanini na nne, nani atakaanga? Hawa madereva wanamtaka Mama Rozi!"

"Nitamfundisha Tabita anayeosha vyombo. Kuanzia leo. Na nitarudi."

Nje dereva mmoja alipiga honi akiitisha zake kavu. Bwana Sadoki aliguna, akatafuta kalamu. Alitia sahihi. Wiki iliyofuata alimwandikia mama mkataba, na Tabita naye akapata wake.

Mwisho wa mwezi mama alileta karatasi yake ya kwanza ya mshahara. Elfu ishirini na tatu zilikuwa zimekwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri aliongeza nyingine kama hizo. Mkononi zilibaki laki mbili na elfu saba. Mwezi huo tulipunguza sukari, na viatu vyangu vilishonwa badala ya kununuliwa vipya. Mama hakulalamika.

Joshua alizaliwa salama, na mama alikaa naye nyumbani siku zote themanini na nne. Mchana mmoja, akimnyonyesha, aliniuliza kwa nini niliandika ule uongo.

"Niliona aibu, mama. Upande wako ulikuwa hakuna, hakuna, hakuna."

"Ungeuacha, Sadoki angepigiwa makofi na mimi ningefukuzwa," alisema. "Palipo na 'hakuna', mwanangu, andika 'hakuna'. Mtu akiliona neno hilo ndipo atauliza kwa nini hakuna. Na wewe usingoje mwingine aulize. Uliza mwenyewe."