Runinga Isiyo na Picha

Tik-tik, tik-tik, tik.

Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyompokea Fortunata kila jioni alipotoka shuleni. Aliisikia akiwa bado ngazini, kabla hajauona mlango, kabla hajamwona mtu. Ilikuwa sauti ya sindano mbili za chuma za kufumia. Zikienda polepole, ujue tamthilia bado haijaanza. Zikienda mbio, ujue mama mkwe mbaya ameshaingia na ana jambo kichwani.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mama. Weka mkoba, ukae. Leo moto utawaka."

Bibi Blandina alikuwa mama mzazi wa baba yake Fortunata. Baada ya babu kufariki alihamia Dar es Salaam kutoka Kibosho, Kilimanjaro, akiwa na sanduku moja la nguo na mfuko mkubwa wa nyuzi za sufu. Baba, Mzee Tarsis, aliuza zipu, vifungo na nyuzi katika duka dogo la Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mama alikuwa naye dukani, na wote wawili walirudi giza likiwa limeshaingia. Kwa hiyo jioni ilikuwa mali ya bibi na mjukuu.

Bibi alifuma masweta ya ukoo mzima, ya kuvaliwa Desemba watu wa mjini wanaporudi mlimani kwa Krismasi. Fortunata, aliyekuwa darasa la sita, alifuma skafu yake ya kwanza, iliyopinda kama mkia wa mjusi. Mbele yao runinga ilionyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilimhusu binti aitwaye Selvi na mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Nesrin, mwanamke mwenye roho ya fisi.

"Sweta Kariakoo, Bibi? Jua lote hili?" alitania Shadya, rafiki wa Fortunata kutoka mlango wa pili. Naye alikuwa haikosi tamthilia.

"Cheka tu," Bibi alimjibu. "Siku ukiamka Kibosho alfajiri, utaniomba hata soksi."

Bibi hakuwa mkali, ila alikuwa na katazo moja. Sindano ni ya kufumia. Sindano si ya kuchezea.

Jumatano moja Fortunata alirudi akakuta nyumba kimya. Bibi alikuwa chini kwa jirani, akisali rozari na akina mama wa jumuiya. Fortunata aliwasha runinga. Ilikuwa marudio ya jana yake: Bi Nesrin amemsogeza Selvi ukutani, mkono ameuinua juu, kofi liko njiani.

Fortunata alishindwa kuvumilia. Alichomoa sindano moja kutoka mfuko wa Bibi, akaishika kama upanga.

"Mwache Selvi! Leo utanitambua, mchawi we!"

Akaruka mbele. Akachoma hewa mara ya kwanza, akachoma hewa mara ya pili. Mara ya tatu ncha ya sindano ilikuta kioo.

Ka!

Kwanza ulitokea mstari mmoja mwembamba. Kisha weusi ulianza kutambaa kutoka kwenye mstari ule kama wino uliomwagika, ukamla Selvi, ukamla Bi Nesrin, ukala ukuta na mapazia. Kioo kizima kikawa giza. Sauti peke yake ndiyo iliyobaki. Ndani ya giza lile Bi Nesrin aliendelea kucheka.

Fortunata alikigusa kioo kwa kidole, kikabaki cheusi. Runinga ile baba aliinunua mwaka uliopita, akaibeba mwenyewe begani hadi ghorofa ya pili, hakutaka mchukuzi aiguse. Siku za mpira majirani wa ghorofa nzima walijaa sebuleni. Atamwambia nini?

Hakupata muda wa kufikiri. Alisikia kandambili za Bibi ngazini, na Bibi mwenyewe akiimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya chini. Fortunata alirudisha sindano mfukoni, akakaa, akaangalia sakafu.

"Imeanza?" Bibi aliuliza mlangoni.

"Ndi... ndiyo, Bibi. Inaanza."

Bibi alipapasa kiti chake, akakaa akielekea runinga, akachukua sweta lake. Tik-tik, tik-tik. Fortunata alifumba macho akisubiri kelele. Kelele hazikuja. Alipofumbua, Bibi alikuwa akitikisa kichwa.

"Mwangalie mnafiki yule!" Bibi alisema, akionyesha kioo cheusi kwa kidevu. "Mdomoni asali, moyoni pilipili."

Fortunata alipumua. Furaha ikampanda ghafla, furaha ya mwizi aliyepitwa na polisi. Bibi hajaona! Lakini furaha ile haikudumu. Ingewezekanaje Bibi asione? Kioo kilikuwa mbele yake, cheusi kama sufuria ya mkaa.

Kwenye tamthilia maneno yalikoma, ukaanza muziki. Ilikuwa harusi ya Selvi, ambayo jengo zima lilikuwa likiisubiri.

"Fortu," Bibi alisema polepole, "gauni lake la rangi gani? Mwanga wa dirisha unaniumiza leo."

Jana mwanga uliumiza. Juzi miwani ilisahauliwa chumbani. Fortunata alikumbuka kwamba kila siku kulikuwa na sababu. Akaangalia kioo kilichokufa.

"Jeupe, Bibi. Lina maua kifuani."

"Na mama mkwe?"

"Amenuna."

"Anune hadi apasuke!" Bibi alicheka, akacheka mpaka sindano zikasimama. Kicheko kile kilimchoma Fortunata kuliko kofi. Hakuwa ameona gauni. Hakuwa ameona maua. Alikuwa anamlisha bibi yake uongo, na bibi yake anaumeza kwa furaha.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

"Hodi! Nimechelewa, Fortu? Selvi kashaolewa?" Alikuwa Shadya, kanga mabegani, akihema. Akasimama katikati ya chumba. "Jamani! Tivii yenu imepasuka! Mnaangalia giza?"

Sindano zilinyamaza.

Shadya alimtazama Fortunata, kisha Bibi, kisha sweta lililokuwa mapajani mwa Bibi. Macho yakamtoka. "Kumbe ndiyo maana mkono mmoja bluu na mwingine zambarau! Mimi nilidhani ni fasheni. Bibi, huoni?"

"Shadya, mwanangu," Bibi alisema kwa upole, "mama yako anakuita."

Mama yake hakuwa amemwita, lakini Shadya alielewa. Alirudi kinyumenyume na kuufunga mlango taratibu.

Ndani ya runinga wageni wa harusi walipiga vigelegele.

"Nani amepasua?" Bibi aliuliza.

"Mimi, Bibi. Kwa sindano yako. Nilikuwa nampiga Bi Nesrin." Machozi yalianza kumtoka. "Na wewe, Bibi, tangu lini?"

Bibi aliukunja mdomo. Fortunata alimsogelea, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza, kumtazama hasa. Katikati ya kila jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Ulianza kidogokidogo," Bibi alisema. "Sasa naona mwanga na vivuli. Kufuma nafuma kwa vidole, vitanzi navijua hata nikiwa usingizini. Tamthilia naifuata kwa masikio."

"Na barabara ya mabasi ya mwendokasi? Asubuhi unapokwenda misa unavukaje?"

"Nasikiliza. Miguu ya watu ikianza kuvuka, nami navuka. Juzi tu nilimfuata mtu mmoja, kumbe alikuwa anarudi nyuma. Honi ililia hapa, sikioni!" Bibi alijaribu kucheka. Fortunata hakucheka.

"Tumwambie baba, Bibi."

"Thubutu! Baba yako akijua, ataniambia niache sindano, nikae kama kifurushi kisicho na mwenyewe. Au atanipeleka nikachanwe jicho. Kule nyumbani mwenzangu mmoja alitiwa maji ya majani machoni, akapofuka kabisa. Macho yangu hayagusi mtu." Alipapasa hewani hadi akaupata mkono wa mjukuu wake, akaushika. "Sikiliza, mama. Wewe una lako, mimi nina langu. Nitasema mimi ndiye niliyeigonga tivii, na mimi hanigombezi. Wewe utanyamaza kuhusu macho. Tumeelewana?"

Fortunata alinyamaza, na Bibi akadhani amekubali.

Baba na mama walipofika, baba alisimama mbele ya runinga bila kuvua viatu.

"Hii imekuwaje?"

"Nisamehe, Tarsis," Bibi alisema haraka. "Niliigonga nikifagia."

Fortunata aliuona uso wa baba ukikaza, halafu ukalegea. "Basi, mama. Ajali haina kinga. Hukuumia?"

"Sikuumia, baba. Wala usihangaike. Acha nikalale mapema, kesho nina misa ya asubuhi."

Yakaisha. Hakukuwa na kelele, wala adhabu, wala swali la pili. Fortunata angeweza kwenda kulala akiwa mtu huru. Lakini alisikia honi ile masikioni mwake. Alimwona Bibi kando ya barabara ya mwendokasi, kanga yake ya bluu kichwani, akisikiliza miguu ya watu. Na kama kesho asubuhi hakuna miguu?

"Si kweli!" alisema kwa nguvu. "Nimeipasua mimi, baba! Nilichezea sindano. Bibi ananifichia ili na mimi nimfichie. Bibi haoni, baba. Haoni kabisa! Alikaa mbele ya tivii iliyopasuka akaangalia harusi, na anavuka mwendokasi kwa masikio!"

"Fortunata!" Bibi aliita, na sauti yake ilivunjika.

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Baba alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nimeinua vidole vingapi?"

Bibi aliinua kidevu. "Vitano," alisema kwa kiburi, "kama nilivyokuzaa navyo."

Baba hakuwa ameinua hata kimoja. Aliinamisha kichwa mapajani mwa mama yake, juu ya sweta la rangi mbili, na mabega yake yakatikisika. Bibi alikigusa kichwa kile, akakipapasa taratibu kama kichwa cha mtoto mchanga.

"Usilie, baba," alinong'ona. "Niliogopa tu kuwa mzigo."

Asubuhi Bibi hakwenda misa. Baba alifunga duka, na wote wakampeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimulika macho ya Bibi kwa tochi ndogo, akaeleza kwamba ule ukungu unaitwa mtoto wa jicho, kwamba huwapata wazee wengi, na kwamba unatibika kwa upasuaji mfupi wenye ganzi. Dawa ya majani haiuondoi, badala yake inaweza kuliharibu jicho kabisa.

"Nitaumia?" Bibi aliuliza.

"Ganzi ikishaingia, bibi, hutaumia. Utaweza hata kunisimulia tamthilia."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Siku ya pili bandeji ilipotolewa, Bibi alikaa akipepesa, kisha akaangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka stendi mpya. Alimwangalia mwanawe. "Tarsis, umezeeka, baba." Akamwangalia Fortunata kwa muda mrefu, asiseme neno, akamfuta tu shavu kwa kidole gumba. Nyumbani alipoliona sweta alishika kiuno.

"Bluu na zambarau! Nimewafundisha kufuma nusu ya wanawake wa Kibosho, halafu nafanya kituko hiki? Shadya, mbona hukuniambia mapema?"

"Niliogopa kukosa soksi, Bibi," Shadya alijibu, na nyumba ikaangua kicheko.

Runinga haikununuliwa upesi. Jumapili baba aliusikiliza mpira kwenye kioo cheusi kama mtu anayesikiliza redio, na kila goli lilipoingia aliuliza, "Nani kafunga?" bila kupata jibu. Fortunata alipangiwa kufagia ngazi za jengo mpaka mwisho wa muhula. Alifagia bila kununa.

Jioni moja baada ya chakula baba alimwita, akamkalisha kati yake na Bibi.

"Uliniumiza kwa kuchezea sindano," alisema. "Hilo unalilipia kwa ufagio. Lakini nataka ujue kwa nini sikukuchapa. Hapa Kariakoo hakuna kitu kisichouzwa. Tivii utapata, kioo utapata, hata sindano ya kufumia utapata. Ila jicho la mama yangu sijaliona dukani. Wewe ungeweza kukaa kimya ukapona, na sisi tukampoteza bibi yako barabarani. Ulichagua kusema, ukijua kosa lako litatoka pamoja na neno hilo. Huo ndio ukweli wenye thamani, mwanangu, ule unaokugharimu." Kisha akamgeukia mama yake, akashusha sauti kwa heshima. "Na wewe, mama, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mzigo wetu si ugonjwa wako. Mzigo ni kutoambiwa."

Bibi aliangalia mikono yake.

"Bibi," Fortunata aliuliza, "na jicho la kushoto? Daktari alisema urudi."

"Mzee jicho moja linamtosha."

"Bibi!"

Bibi alimtazama mjukuu wake, akaona hofu aliyokuwa hajaiona kwa muda mrefu katika uso wa mtu yeyote. Aliuvuta mkono wa Fortunata, akauweka juu ya wake.

"Haya, nisikilize, na baba yako ashuhudie," alisema kwa sauti ambayo hata Shadya aliisikia koridoni. "Siku aliyoitaja daktari, nitaamka kabla yenu, nitavaa kanga yangu nzuri, na jicho la kushoto nitampelekea mwenyewe. Hakuna wa kunivuta, hakuna wa kunifichia. Nakuahidi, mama."