Usimpigie Makofi

Joho lilikuwa na jasho. Si unyevu wa chumba kilichofungwa, hapana. Jasho la mtu, la moto, limelowanisha kola na makwapa, na mwenye joho alikuwa kaburini miezi sasa.

Fundi Shanga aliligeuza huku na huku, akaguna. Jina hilo alipewa na marehemu mwenyewe, maana kazi yake miaka yote ilikuwa kumtilia shanga, vioo vidogo na manyoya kwenye majoho ya jukwaani. Marehemu naye watu walimwita Tausi, na ukidhani jina lilimzidi basi wewe hukumwona akipanda jukwaani, mkia wa joho umebebwa na watu wawili, pete kila kidole, anapiga piano huku anawakonyeza wake za watu mbele ya waume zao. Alikuwa na nyumba tatu. Mbili za kulala, na hii ya tatu ya kujionyesha: piano iliyopakwa dhahabu, taa za vioo zinazoning'inia mpaka unaogopa kupita chini yake, viti vya wafalme ambao hakuna aliyejua walitawala wapi. Hata choo kilikuwa na mapazia ya mahameli. Kitu kiking'aa, Tausi hakukiacha dukani.

Sasa warithi walitaka nyumba ifunguliwe, watu waje kutazama. Fundi akaitwa kuyatengeneza majoho na kuyavisha masanamu. Mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye alikuwa msugua fedha na piano wa nyumba ile tangu ujana, akawekwa alale humo kama mlinzi. Huyo aliitwa Taratibu kwa sababu ya kigugumizi. Neno likimkwama alifumba macho, akapiga paja, likatoka. Wazazi hawakuwepo tena, wamebaki wao wawili tu, na Fundi alimpenda mdogo wake kwa namna ile ya kumgombeza kutwa.

"Wewe, umevaa joho la marehemu?"

"Mi-mimi? Da-dada, hata ku-kulishika naogopa."

"Basi limetoka jasho lenyewe."

Taratibu alicheka. Fundi hakucheka. Alilitundika joho dirishani, akaendelea na kazi, lakini sindano ilimchoma mara mbili asubuhi ile, yeye ambaye hushona huku anaangalia pembeni.

Hapa pana jambo lazima lielezwe. Tausi hakuteremka ngazi kimya hata siku moja. Aligonga pete zake kwenye reli, ko, ko, ko, na kila aliyemo ndani, awe mpishi mwenye unga mikononi au Fundi mwenye sindano mdomoni, alitakiwa kukimbilia ukumbini na kupiga makofi mpaka bwana mkubwa aguse ngazi ya mwisho. Makofi yakiwa ya kivivu, alirudi juu akaanza upya. Kuna siku alirudi na kurudi mpaka chakula kikapoa mezani. Wageni waliona kichekesho. Watumishi walizoea, mikono ikawa inajua kazi yake bila kuulizwa.

Basi mchana huo, jua kali, madirisha wazi, Fundi alikuwa ukumbini na mpishi wa zamani wa nyumba ile, mama mmoja mnene wa maneno mengi aliyekuja kumsaidia kupiga pasi. Wanasengenya majirani, raha mustarehe. Mara, huko juu: ko. Ko. Ko.

Wote wawili wakainuka, wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo, nyuso juu, na lile tabasamu la kazini, na mikono ilipoanza kuwawasha ndipo Fundi akakumbuka kwamba wanampigia maiti.

Ngazini hapakuwa na mtu. Ila harufu ilikuwepo, waridi na mafuta ya nywele, inateremka polepole, hatua kwa hatua, kama mwenye nayo anapunga mkono.

"Fundi," mpishi alinong'ona, pasi inaunguza kitambaa na hakuna anayejali. "Tumefanya nini?"

"Nyamaza."

"Tumemkaribisha. Haki ya Mungu, tumemkaribisha wenyewe!"

"Nyamaza nimesema!"

Harufu ikapita kati yao, na Fundi akahisi baridi upande mmoja wa shavu, upande mmoja tu, kisha ikaingia kwenye chumba cha piano alimokuwa Taratibu na kitambaa chake cha kusugulia, na piano ikalia sauti moja ndefu ambayo haikutaka kuisha, na Fundi akajikokota mpaka mlangoni akamkuta mdogo wake amekaa wima kwenye kiti ambacho hakuwahi kuthubutu kukikalia.

"Dada," alisema Taratibu. "Mbona unatetemeka? Njoo, mpenzi wangu, keti."

Maneno yalitoka laini, hakuna hata moja lililokwama. Na hili ndilo lililomuumiza Fundi baadaye kuliko yote: kwanza alifurahi. Miaka mingi alimwombea mdogo wake ulimi ufunguke. Kisha akaona vidole vimepanuliwa, kama vinavyopanuliwa na mtu mwenye pete nyingi, na Taratibu hakuwa na pete hata moja.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Taratibu hakula, hakulala. Alivaa joho, akapanda ngazi, akagonga reli kwa vidole vitupu, na mlio ukatoka wa chuma. Akateremka. Asipopigiwa makofi akarudi juu. Akateremka tena. Fundi alimshika mkono, akamwita kwa jina la utotoni, akamlilia. Alisukumwa kwa adabu, kama mshabiki aliyezidisha. Nyayo za Taratibu zilipasuka zikaacha alama nyekundu kwenye marumaru, na bado alipanda. Na walipompigia makofi kwa huruma ili apumzike, alinenepa uso dakika hiyo, macho yakang'aa, na kilichomo ndani yake kikazidi kukaa.

"Atakufia kwenye ngazi hizi," mpishi alisema. "Namjua mganga mmoja."

Mganga alikuja kwa pikipiki, mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Alivua viatu, akafukiza ubani, akatazama dhahabu na vioo vyote vile bila hamu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akamzuia Taratibu njia.

"Wewe uliyempanda kichwani, nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amezikwa."

Taratibu alitabasamu kwa mdomo wa mtu mwingine. "Huyo alikuwa kiti changu. Nilikuja na piano. Yeye aliona dhahabu, akanichukua na mimi humo ndani. Akapata nyumba zake na vitu vyake, nami nikapata makofi yangu. Kiti kimevunjika. Hawa wawili wakanipigia makofi, nikajua bado napendwa. Nikachukua kiti kingine."

Mpishi alijiziba mdomo. Fundi aliitazama mikono yake, akaichukia.

Mganga aliwavuta pembeni. "Jini wa kiburi hafukuzwi kwa kiboko," alinong'ona. "Ananyimwa chakula. Atatumbuiza, atumbuize mpaka achoke. Nanyi msipige hata kofi moja. Likiwaponyoka moja tu, mtampoteza huyu kijana."

Jua lilikuwa linazama walipokaa chumba cha piano. Fundi aliikalia mikono yake. Taratibu, ambaye maisha yake yote aliigusa piano kwa kitambaa tu, aliinua mikia ya joho akaanza kupiga, na alipiga vizuri, jamani, alipiga vizuri mno, nyimbo za kuchezesha kwanza, halafu za kuliza, taa za vioo zinatetemeka juu, harufu ya waridi inakaba koo, na alipoona wamekaa kama magogo akamgeukia Fundi, macho kwa macho, akaimba wimbo ambao mama yao aliwabembelezea wakiwa wadogo, kwa sauti ya mama yao hasa, na kile kikohozi chake kidogo katikati, na Fundi akauma mdomo mpaka damu ikamjaa, mikono chini yake inafurukuta kama kuku aliyeshikwa, lakini hakuinuka.

Taratibu alisimama, akainama. Akasubiri. Akainama tena.

"Hata moja?" iliuliza sauti, na sasa ilikuwa sauti ya mwenye njaa. "Jamani, hata moja?"

Kilio kilichofuata kilipasua vioo vya chumba kizima, na Taratibu akaanguka.

Alipofumbua macho, alimtafuta dada yake. "Da-da-da..." Akafumba macho, akapiga paja. "Dada. Mi-miguu inaniuma."

Fundi alimkumbatia akalia kwa sauti. Lakini mganga, anafunga kamba za viatu, hakutabasamu. "Ametoka kichwani. Sikusema ametoka duniani. Huyu asipigiwe makofi tena maisha yake yote. Si harusini, si kwa furaha, si kwa mzaha. Hata mbu akipita mbele yake, msimuue kwa viganja."

Fundi alimchukua mdogo wake kwake, nyumba ya vyumba viwili, kitu kinachong'aa ndani humo kilikuwa sufuria peke yake. Mbu waliuawa kwa kandambili. Sherehe za watu hawakwenda. Majirani walisema wana maringo, wakawaacha waseme. Taratibu alipona nyayo, akanenepa, utani wake ukarudi, ule utani wa kusubiriwa.

Jioni moja walikuwa mezani wanakunywa chai.

"Da-dada, u-unajua kwa nini yule ji-jini alikubali kuondoka?"

"Tuache hayo, mdogo wangu."

"Si-sikiliza kwanza. A-alikusikia..." Neno likakwama. Alifumba macho, akapiga paja. "Alikusikia u-ukiimba jikoni. A-akaona afadhali njaa!"

Lo! Fundi alicheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu siku ya joho. Alicheka akajipinda, machozi yakamtoka, akajisikia ana ndugu tena, na viganja vyake vikakutana, pa! kama vinavyokutana vya mtu yeyote aliyechekeshwa na mtu wake.

Akavitenganisha upesi.

Taratibu aliweka kikombe chini taratibu. Akasimama. Akapanua vidole, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza, na nyumba nzima ikanuka waridi.

"Asante, mpenzi wangu," alisema, hakuna neno lililokwama. "Lakini moja tu? Hilo ni la kivivu."

Fundi aliikalia mikono yake, akalia. Taratibu alirudi mpaka mlangoni, akagonga fremu kwa vidole vitupu, ko, ko, ko, akaanza upya.