Aliyekata Matawi

Tai-doria, droni ya ulinzi wa jiji, ilishuka asubuhi bila kelele juu ya gari la Foibe Chidumizi, ikaachia pingu nne za sumaku, na kila pingu ikang'ang'ania gurudumu lake kama kupe. Sauti ya upole ikatangaza kwamba jana gari hilo liliegeshwa pasiporuhusiwa, kwenye barabara ya mzunguko wa Dodoma. Lingefungwa mwezi mzima.

Foibe alikuwa mlangoni, amemshika baba yake mkono. Mzee Chidumizi alikuwa na figo mbovu. Bila gari hafiki kliniki ya kusafisha damu, na asipofika, mwezi huo hautaisha akiwa hai.

"Sikuegesha! Gari lilizima lenyewe!"

Tai-doria ikapaa. Kazi yake kufunga tu. Malalamiko hupelekwa kwa Mwamuzi.

Mwamuzi alikuwa akili-mashine iliyoamua kesi zote za jiji. Watu walimsifu: hali rushwa, hachoki, wala hana shemeji wa kumpendelea. Foibe akaketi mbele ya ukuta mweupe, ambako sauti yake hutokea.

"Karibu, dada Foibe. Pole na usumbufu. Mzee anaendeleaje?"

"Anakusubiri wewe."

"Picha zinaonyesha gari limesimama, na nyuma yake takataka za majani. Hilo nalo ni kosa."

Foibe nusura acheke. Mashine inayojua mapigo ya moyo wa kila mkazi haijui matawi! "Si takataka. Gari likiharibika, unaweka matawi nyuma yake ili wenzako wapunguze mwendo. Hata marehemu bibi yangu alijua hilo."

"Sikufundishwa. Nashukuru. Lakini wewe ulikuwa ndani ya gari. Nani aliyeyaweka? Mimi humtambua mtu kwa kitambulishi kilichopandikizwa chini ya ngozi yake, na hapo simwoni mwingine. Bila shahidi, adhabu inabaki."

Foibe akamkumbuka yule mwanamume aliyetoka kwenye karavati, chini ya barabara, akiwa na panga, mkewe na watoto wakichungulia nyuma yake. Alikata matawi ya mwarobaini, akayapanga, akasukuma gari mpaka likawaka. Foibe alipombana sana alitaja jina lake, kisha akasema, "Nenda, dada. Hukuniona." Foibe alidhani ni unyenyekevu tu. Kwao mtu akikufaa, unamtaja hadharani, jina lake na anakokaa, ndipo shukrani inakamilika.

Basi akamtaja kwa moyo mkunjufu. "Anaitwa Ndahani. Anaishi kwenye karavati lililo karibu na mnara wa maji, na mkewe na watoto. Mtu mwema sana yule! Jiji lingempa hata zawadi."

Ukutani ikatokea ramani ya barabara, na karavati moja likawekewa alama nyekundu.

"Huyo hatukuwa naye kwenye daftari la wakazi," Mwamuzi akasema. "Wapo wengine wanaotoka hivyo, gari likiharibika?"

"Wapo! Wote wa huko ni watu wa msaada."

"Asante sana, dada Foibe. Adhabu imefutwa."

Pingu zikaanguka. Mzee Chidumizi akasafishwa damu siku hiyohiyo, na jioni akala ugali na mlenda. Foibe alifurahi mno hata akanunua mfuko wa unga kwa ajili ya Ndahani.

Kesho yake aliukuta mdomo wa karavati umezibwa kwa zege ambayo haijakauka. Panga lilikuwa limelala mtaroni. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na hakuitikiwa. Akarudi garini, mfuko wa unga ukiwa bado kwenye kiti, akaendesha polepole bila kujua aendako.

Mbele yake gari dogo lilikuwa limesimama katikati ya barabara, boneti wazi, taa za hatari zikiwaka na kuzima. Ndani hapakuwa na mtu. Juu yake, kimya, tai-doria tatu zilikuwa zikielea.

Kutoka karavati lililofuata, mwanamke mmoja akatoka mbio akiwa amekumbatia matawi mabichi.

Foibe akapiga honi. Akapiga tena, akaikandamiza kwa mikono miwili huku akilia.

Yule mwanamke akageuka, akatabasamu, akampungia mkono. Alidhani anashukuriwa.