Mke wa Ndugu Katibu

"Na huyu Mardhiya Sadallah, ameolewa?"

Mwalimu Mikidadi alilisikia swali vizuri, lakini alijifanya anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza.

Ilikuwa Julai mwaka 1972. Mikidadi alikuwa na miaka ishirini na tisa. Asubuhi alifundisha shule ya msingi ya Mlingotini, na vipindi vikiisha alivuka kiwanja na kukaa ofisini kama katibu wa tawi la chama. Mgeni aliyekuwa mbele yake aliitwa Wilbrodi, mtu mpole wa miwani, aliyetoka Dar es Salaam siku hiyo na faili moja mkononi.

"Unasemaje, Ndugu?" aliuliza Mikidadi.

"Nauliza kama ameolewa. Mfuko wetu unachukua wahitimu sita nchi nzima, tunawapeleka Ulaya mwaka na nusu. Wanajifunza jinsi wenzetu wanavyopanga siasa yao ya nje, kisha wanaanza kubisha hodi. Bungeni, kwa vyama vya wafanyakazi, makanisani, magazetini. Wanawaambia wale watu waache kumsaidia Mreno kuwaua wenzetu wa Msumbiji. Kazi ya kuzunguka. Ndiyo maana tunataka mtu asiye na ndoa. Mwaka jana wawili walirudi katikati, mmoja mkewe anaumwa, mwingine mumewe kamwita."

"Yeye mwenyewe kaandika nini?"

Wilbrodi akaligeuza faili. Mwandiko ule Mikidadi aliujua tangu Mardhiya akiwa darasa la tano. Hali ya ndoa: sijaolewa.

Aliyasoma maneno yale mara mbili. Miezi mitatu tu iliyopita, Ijumaa baada ya alasiri, alikaa mkekani barazani kwa Mzee Sadallah, akashikana naye mkono, akaozwa Mardhiya mbele ya mashahidi wawili na sahani ya halua. Ndoa ilikuwa imefungwa. Kilichobaki ni harusi, bibi arusi atolewe kwao kwa shangwe aingie kwa mumewe, nayo ilipangwa baada ya Ramadhani. Zaidi ya jamaa wachache, hakuna aliyekuwa na habari.

"Wewe ndiye katibu wa kwao," alisema Wilbrodi. "Neno lako ndilo tutakalolishika. Unamfahamu?"

"Namfahamu. Baba yake ni fundi cherahani hapa hapa."

"Tabia yake?"

"Haina doa. Alipokuwa Chuo Kikuu, kila likizo alikuwa akienda Bagamoyo kuwafundisha Kiswahili vijana wa Msumbiji waliokimbia vita. Hakutumwa na mtu."

"Na ndoa?"

Kweli ilikuwa fupi, maneno matatu tu: ni mke wangu. Lakini Mikidadi aliikumbuka siku Mardhiya alipompa habari za nafasi ile, jinsi alivyosimulia mpaka chai ikapoa mbele yake na asijue kama imepoa. Hakuwahi kumwona vile. Hata siku ya ndoa hakuwa vile.

"Hajaolewa," alisema. Akaivuta fomu, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Alikusudia kumwambia Mardhiya habari za muhuri ule jioni ileile. Alingoja aanze yeye. Mardhiya hakuanza. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nafasi ikatoka, na neno likawa limeshachelewa kusemwa.

Mzee Sadallah alimwita pembeni.

"Mwanangu, safari hii umeiridhia?"

"Nimeiridhia, baba."

"Mwaka na nusu si siku mbili. Harusi tuisogeze?"

"Tuisogeze. Na ninakuomba, habari za ndoa zibaki humu ndani."

Mzee akamtazama sana. "Mke hafichwi, Mikidadi. Hufichwa cha wizi."

Akarudi kwenye cherahani yake.

Siku chache kabla ya kuondoka, Mardhiya alisema huku anakunja nguo, "Barua zangu zitapitia ofisi ya mfuko, watu wanazifungua. Nami harusi bado, naona haya wasome mambo yetu. Nikuite Katibu?"

"Niite."

"Hutakasirika?"

"Nikasirikie nini?"

Kwenye uwanja wa ndege Mikidadi alisimama nyuma ya shangazi zake Mardhiya, kwa kuwa Wilbrodi naye alikuwapo. Mardhiya aliwakumbatia wote. Alipofika kwake alimpa mkono.

"Kwaheri, Ndugu Katibu."

"Safari njema, Ndugu Mardhiya."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, na aliuondoa kwanza.

Barua ya kwanza ilitoka Oslo, nchini Norwei.

"Ndugu Katibu, natumaini wananchi wote hawajambo. Huku baridi ni kali na jua linatua saa tisa. Nimezungumza na wabunge wawili. Mmoja alinisikiliza kwa makini, mwingine alisinzia. Nje ya dirisha langu upo mti uliopukutika wote, lakini nimeambiwa haukufa. Wasalimie wote wanaoniulizia."

Mikidadi aliisoma akitafuta lililo lake. Mwishowe akaamua kwamba lake ni lile la mwisho, wote wanaoniulizia. Akakaa akajibu: "Ndugu Mardhiya, tawi linaendelea vyema. Choo cha shule kimekamilika. Mvua zimechelewa. Anayekuulizia bado anakuulizia."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alikuwa amekipaka chokaa na kukitia kitanda kipya kwa ajili ya bibi arusi. Hicho alikifunga, akawa analala sebuleni. Alipika mara moja kwa siku, akala amesimama jikoni, kwa sababu kuandaa mkeka kwa mtu mmoja aliona ni kujitafutia huzuni.

Mama yake, Bi Mize, alikuja siku moja akamkuta hivyo, sahani mkononi.

"Mwanangu, watu wananiuliza mbona huoi."

"Waambie bado."

"Nimechoka na bado. Juzi kuna mtu kanipendekezea binti wa Miono, mkulima, mwenye adabu zake. Nikajibu nini? Mimi ninaye mkwe, lakini sina ruhusa ya kumtaja. Jambo gani hili?"

"Zimebaki siku chache, mama."

Hazikuwa chache. Mwaka uliofuata barua zilianza kupungua. Kutoka kila mwezi, zikawa kila miezi miwili, kisha ukapita msimu mzima wa kipupwe pasipo hata mstari.

Ramadhani ya 1973 iliangukia Oktoba. Siku moja, jua likikaribia kuchwa, kijana nadhifu wa suti ya kijivu alipiga hodi.

"Naitwa Kitwana, mtu wa Pangani. Niko Oslo pamoja na Mardhiya, nimekuja likizo. Wilbrodi kanielekeza kwako. Kasema katibu wa tawi ndiye aliyemthibitisha."

"Karibu. Umefika wakati wa kufuturu, huwezi kuondoka."

Walikula tende, wakaswali magharibi, wakarudi mkekani. Mikidadi alimmiminia mgeni uji wa pilipili manga.

"Hajambo lakini?" aliuliza.

"Hajambo. Kule yeye ndiye anayesikilizwa kuliko sisi wote. Anasimama mbele ya watu mia na hatikisiki. Lakini akirudi nyumbani humpati kwa neno. Kwanza nilidhani ni baridi."

"Si baridi?"

"Sijui. Mwalimu, nisikufiche. Nataka kumposa. Kwao simjui mtu, na si heshima kwenda peke yangu. Nimeona nikuombe wewe unisindikize kwa mzee wake."

Mikidadi alikiweka kibuyu cha uji chini taratibu.

"Yeye umemwambia?"

"Nimemwambia. Akasema kuna jambo Mlingotini halijaisha, mpaka liishe hawezi kumjibu mtu yeyote. Jambo lenyewe hakulitaja. Labda wewe unalijua."

Halijaisha. Mikidadi alijiona ni deni la zamani ambalo mtu muungwana hulilipa kabla hajahama. Kwa muda alifikiri kweli kweli kumsindikiza kijana huyu kwa Mzee Sadallah, kisha aandike talaka moja, aitie kwenye bahasha, na Mardhiya awe huru bila kulazimika kuomba. Kumwachia aende zake lilikuwa jambo alilolizoea sasa.

"Kunywa uji, unapoa," alisema. Kitwana alipokunywa, akaendelea: "Ndugu yangu, huwezi kumposa Mardhiya."

"Kwa nini? Dini yetu moja, kazi ninayo."

"Ana mume."

"Nani?"

"Mimi."

Kitwana alifuta mdomo kwa leso, akaikunja, akaikunja tena.

"Lakini fomu ina muhuri wako."

"Niliugonga mwenyewe."

"Na yeye akaandika hajaolewa."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima," alisema Kitwana polepole, "tunakwenda kwa wakubwa wa watu kuwaambia, msiseme hili hadharani mkafanya lile faraghani. Hotuba hiyo yeye ndiye anayeiweza kuliko sote. Sasa najua kwa nini akiimaliza hutoka nje akasimama peke yake."

"Utawaambia?"

"Si yangu kuyasema. Lakini nikirudi atanitazama usoni, na atajua kuwa najua." Akainuka. "Ahsante kwa futari, Mwalimu."

Kesho yake Mikidadi alikwenda posta ya Bagamoyo kupeleka simu ya maandishi. Karani alisoma karatasi, akainua macho kumtazama, akayainamisha.

NIMEMWAMBIA KITWANA MIMI NI MUMEO. KAMA WATAKA KUACHWA SEMA. MIKIDADI.

Juma hilohilo aliomba mkutano wa tawi akasimama akasema yote, fomu na muhuri. Mwenyekiti, Mzee Mrisho, alisikitika.

"Ulikuwa unamtetea mkeo, Mwalimu. Wengi humu tungefanya hayohayo."

"Ndiyo maana siwezi kubaki kwenye kiti hiki, Mwenyekiti."

Walimpa mkono mmoja mmoja. Akarudi kwake hana hata cheo cha kuandikiwa barua.

Idd ilikuja ikapita. Mikidadi aliswali, akawatembelea wazee, akarudi akafunga mlango. Wiki ya pili baada ya Idd ndipo jibu lilipokuja.

MFUKO NIMEWAAMBIA MWENYEWE. NARUDI DESEMBA. USIANDIKE KITU. MARDHIYA.

Alikaa na karatasi ile siku nyingi, hajui kama ni mlango uliofunguliwa au uliofungwa.

Walionana barazani kwa Mzee Sadallah, asubuhi. Mzee aliingia ndani, na cherahani ikaanza kulia.

"Umekonda," alisema Mikidadi.

"Nawe umeota mvi."

Mardhiya alikuwa amevaa kanga, lakini alikuwa amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Ilibaki miezi minne," alisema. "Kamati ya bunge lao ilikuwa imekubali kutusikiliza, Februari. Mwaka mzima nimeihangaikia siku hiyo. Mfuko umenirudisha, sasa Kitwana atakwenda peke yake."

"Ni kosa langu."

"Sikusema ni kosa lako. Nimesema ilibaki miezi minne. Niache niisikitikie."

Akamwacha aisikitikie. Mardhiya mwenyewe ndiye aliyeendelea.

"Kitwana kaniambia muhuri ni wako. Nilidhani wameuliza Bagamoyo, kwa mtu asiyetujua. Ni wako kweli?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo pale uwanja wa ndege ulikuwa wajua."

"Nilikuwa najua."

Mardhiya aliziba uso kwa viganja. "Nami nilikaa kule nikisema, masikini yule bwana, hajui kama nimemkana. Kila nikishika kalamu nataka kukwambia, na barua inasomwa na watu. Nikaona bora nisiandike."

"Nilidhani zimepungua kwa sababu ya mtu."

"Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na aibu."

"Ungeniuliza, Mardhiya. Kabla ya kuandika."

"Ungenizuia."

"Ningekwambia nenda. Ila ningelisema nikiwa mumeo, na wao tungewaambia kweli."

"Wangenikataa."

"Huenda."

"Basi nisingekwenda."

Ilikuwa kweli, na haikumpendelea yeyote kati yao.

"Sijutii kwenda," alisema Mardhiya. "Nakwambia ili tusianze upya kwa uongo. Najutia nilivyokwenda."

"Na lile jambo ulilomwambia Kitwana, kwamba halijaisha?"

"Halijaisha?" Alikunja uso. "Sikusema halijaisha. Nilisema halijakamilika."

"Jambo gani?"

"Harusi, Mikidadi. Nina jambo gani jingine Mlingotini?"

Cherahani ilikuwa imenyamaza kitambo, na wote wawili hawakuwa wametambua. Ndani Mzee Sadallah alikohoa.

"Baada ya Idd Kubwa," alisema kutoka nyuma ya mlango. "Na aalikwe kila mtu."

Akaalikwa kila mtu. Walikuja jamaa wa Bagamoyo, wa Lugoba na wa Pangani, na Bi Mize aliwatajia wote jina la mkwewe, hata wale waliokuwa wakilijua. Wilbrodi hakuja. Aliandika barua fupi ya pongezi, na chini akaongeza kwamba mfuko umeamua kulizungumza upya lile sharti la ndoa.

Mardhiya alihamia nyumba ya mwalimu, akapata kazi ya kufundisha Bagamoyo. Chumba cha chokaa kilifunguliwa. Hata hivyo mazoea hayaondoki kwa siku moja. Mara kwa mara Mikidadi alijikuta amesimama jikoni na sahani, mpaka aitwe mkekani. Mardhiya naye alikuwa na saa zake za kutazama nje asionekane kuona kitu. Waliishi hivyo, kwa upole, kama wageni wawili waliofikia nyumba moja.

Mwezi Machi ilikuja barua kutoka Oslo. Mardhiya aliisoma amesimama mlangoni, wakati wa alasiri.

"Yasemaje?"

"Ni Kitwana. Kamati ilimsikiliza saa nzima, hakuna aliyeondoka. Anasema alitumia maneno yangu." Akaikunja barua. Akajifuta machozi kwa ukingo wa kanga. "Anasema aliyasoma, lakini hakuyasema kama ningeyasema mimi."

Mikidadi alitamani kumwambia pole, akaona ni neno dogo. Akavuta kiti akakiweka katikati ya sebule, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Yaseme," alisema.

"Yako kwa Kiingereza."

"Kiswahili unakijua."

Mardhiya alicheka kidogo, machozi yakiwa bado usoni. Alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Basi akasogea mpaka ukutani, akaipanga kanga mabegani, akanyoosha mgongo.

"Waheshimiwa," alianza, na sauti ikamkatika.

"Endelea," alisema mumewe. "Ninasikiliza."