Soksi za Mwalimu na Mbuzi wa Mama Mkwe

Kila Jumamosi asubuhi, Mwalimu Nicodème alitoka nyumbani kwake mjini Kamina akaenda kwa miguu hadi kijijini. Huko alimkuta mama mkwe wake, Salomé, akachukua mihogo. Ulikuwa mwaka wa 1999. Vita vilikuwa vimekula treni na mishahara. Viatu vyake vya ngozi alikuwa amevibadilisha kwa unga juzi tu, na sasa alikuwa na sandali za mpira wa gari tu. Miguu yake ingegoma, mke wake Séphora na watoto wangelala njaa.

Lakini Nicodème alikuwa mtu wa heshima. Aliongoza kwaya ya Wamethodisti. Na katika ukoo wa mke wake, mkwe haoneshi vidole vya miguu kwa mama mkwe, wala haongei naye uso kwa uso.

Jumamosi moja ya masika, mvua iliamka kabla ya watu. Nicodème akatoa soksi zake zote za pamba. Hakuna iliyokuwa nzima.

"Baba Mira, shoseti ndani ya sandali?" Séphora aliuliza. "Bantu batacheka."

"Baache bacheke. Angalia akili. Ya kwanza iko na tundu ku kidole. Ya pili, ku kisigino. Ya tatu, huku juu. Nikivala yote tatu, hakuna hata tundu moja itaonekana!"

"Na mvula?"

"Tatu njo mingi. Mvula itashindwa."

Akakaza kamba za sandali kwa nguvu zake zote. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila mvua haikusoma hesabu.

Njiani majani yalikuwa marefu na matope mengi. Soksi zikanywa maji zikashiba. Vidole vikafa ganzi. Alipofika, aliketi barazani. Salomé alikuwa jikoni, amempa mgongo, na kama desturi ilivyotaka, alizungumza na mbuzi wake. Maneno yalikuwa ya mbuzi, maana ilikuwa ya mkwe.

"Weye mbuzi," alisema, "ambia mwalimu, nyumba yangu haivuji. Ni yeye njo anavuja."

Nicodème akatazama chini. Dimbwi lilikuwa limezunguka kiti.

"Mbuzi, ambia mama niko muzuri," akajibu, meno yakigongana.

Hakuvua soksi. Angevuaje? Akakaa nazo mbichi hadi saa ya kuondoka. Wakati wa kurudi hakusikia tena ardhi chini ya miguu. Akateleza kwenye kijito, na nusu ya mihogo ikaenda na maji.

Nyumbani Séphora alifungua kamba akapiga kelele. Miguu ilikuwa myeupe na imekunjamana kama mihogo iliyolowekwa. Nicodème akaisukuma moja kwa moja kuelekea jiko la makaa.

"Toa miguu!"

Alikuwa jirani yao Augustine, mke wa askari wa kambi ya Kamina. Kwao ni Lubero, mbali sana, kwenye milima yenye baridi na mvua.

"Lakini baridi inaniuma, mama."

"Miguu ikikufa ganzi, haisikie moto. Itaungua na weye hautajua."

Akaipangusa kwa kitambaa kikavu, hata katikati ya vidole, akaifunika kwa blanketi.

"Nani alikufundisha kufunga miguu vile?"

"Ni minyi mwenyewe."

"Inaonekana," Augustine alisema. "Sikia. Shoseti mingi haiko joto mingi. Ukikaza, damu haipite, na damu njo moto ya mwili. Tena pamba ikilowa, inakuibia joto. Vala shoseti moja nyembamba ndani, na moja ya laine juu. Laine hata ikilowa, inachunga joto kidogo. Legeza kamba, vidole bicheze. Na chunga shoseti kavu mu sashe ya plastiki. Ukifika, vua ya maji, pangusa miguu, vala kavu."

"Laine nitatoa wapi?"

Wote watatu wakatazama ukutani. Pale ilining'inia pulova nyekundu ya sufu, fahari ya kiongozi wa kwaya.

"Hapana!" Nicodème alisema.

"Mikono tu," Augustine alisema. Séphora alikuwa ameshashika mkasi.

Augustine akashona ncha za mikono ile, mshono ukabaki nje usichubue ngozi. Akikata uzi, akasema: "Mama yangu njo alinifundisha. Tangu vita ilikata njia, sijue kama iko muzima."

Nicodème aliona haya kulilia mikono ya pulova. Akamshukuru. Halafu jambo moja likamshtua.

"Kuvua shoseti mbele ya mama mkwe? Minyi?"

"Chagua," Séphora alisema, akionyesha sufuria ya ugali. "Haya ao bukari."

Walikula kidogo hadi miguu ilipopona. Jumamosi aliyotoka tena, mvua ilimsindikiza njia nzima. Soksi zililowa, lakini vidole vilicheza. Barazani kwa Salomé alikaa na mfuko wake wa plastiki, jasho likimtoka.

"Mbuzi," alisema mwishowe, "niombee ruhusa ku mama. Nataka kuvua shoseti. Asigeuke."

Kule jikoni mgongo wa Salomé ukaanza kutikisika kwa kicheko.

"Weye mbuzi, ambia mwalimu, nilimupa mutoto yangu, na bamezaa. Nilijua zamani iko na miguu."

Siku hiyo Nicodème alirudi na kikapu kimejaa, hata muhogo mmoja haukudondoka. Watoto wakala bukari na sombe ya majani ya muhogo mpaka wakasahau kugombana.

Jumapili aliongoza kwaya kwa pulova isiyo na mikono. Waimbaji wakacheka mpaka wimbo ukawapotea. Lakini nao walikuwa na mashamba ya mbali na sandali. Mwezi ulipokwisha, safu nzima ya sauti nzito ilikuwa imesimama mbele ya kanisa katika pulova za sufu, na hakuna hata moja iliyokuwa na mikono.